Kutembea Nyandarua na Kirinyaga: Mambo Yampasayo Mtembezi Kuyajua

Katika nchi za kaskazini ya dunia, miezi ya Septemba na Oktoba ni miezi ya kuliaga jua. Majani ya miti hugeuka rangi na kupukutika, na watu wa mijini hufungasha mikoba yao, wengine wakaenda kupiga makasia katika maziwa na ghuba za bahari, wengine wakapanda milima kabla theluji haijafunga njia. Katika Kenya miti haipukutiki namna hiyo, lakini majira yapo. Wakikuyu huita gathano wakati ule wa baridi na ukungu ufuatao mvua ndefu, na watu wa pwani huuita kipupwe. Ukungu unapoanza kuondoka mwishoni mwa Agosti, na mpaka mvua za vuli zinaponyesha, milima miwili mikubwa ya nchi hii huonekana wazi asubuhi, na watu wengi hutamani kuipanda.

Mji mdogo wa Wamagana, katika Tetu, magharibi ya mji wa Nyeri, umekaa mahali pafaapo sana kwa jambo hilo. Nyuma yake ni Nyandarua, ambayo Wazungu waliiandika katika ramani zao kwa jina la Aberdare. Mbele yake, ng'ambo ya nchi ya Nyeri, ni Kirinyaga, yaani Mlima Kenya. Mkulima apelekaye majani ya chai au maziwa asubuhi aweza kuiona yote miwili bila ya kuiacha njia yake. Basi si ajabu kuwa vijana wa Tetu, Othaya, Nanyuki na hata Nairobi wameanza kwenda milimani kwa makundi, siku za mapumziko, si kwa kuokota kuni wala kutafuta ng'ombe aliyepotea, bali kwa kutembea tu na kuona.

Jambo hili ni jema. Lakini mlima hauna desturi ya kuwahurumia watu wasioujua, na wengi wa wale wanaougua au kufa huko hawauawi na wanyama wala maporomoko. Wanauawa na mambo mawili yasiyoonekana kwa macho, nayo ni baridi na wepesi wa hewa. Maneno yafuatayo yaeleza jinsi mambo hayo yanavyotenda kazi.

MSITU ULIOKUWA UMEFUNGWA

Kwanza yafaa kusema kwa nini wazee wengine wa Tetu hawaelewi upesi furaha ya wajukuu wao. Hali ya hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba, 1952, misitu ya Nyandarua na ya Mlima Kenya ilifanywa kuwa nchi iliyokatazwa. Mtu aliyeonekana ndani yake aliweza kupigwa risasi pasipo kuulizwa jina. Handaki refu lilichimbwa ukingoni mwa msitu kwa kazi ya kulazimishwa, wanawake kwa wanaume, na ndege za kijeshi za Waingereza zilidondosha mabomu juu ya miti. Dedan Kimathi, mzaliwa wa Tetu, alijeruhiwa na kukamatwa ukingoni mwa msitu huo tarehe 21 Oktoba, 1956, na tarehe 18 Februari, 1957, akanyongwa. Kwa mzee aliyeyaona hayo, msitu ulikuwa mahali pa kufia au pa kujificha. Mjukuu asemapo kwamba anakwenda huko kustarehe, mzee humtazama mara mbili.

Hata kabla ya vita hivyo watu walikwenda msituni kwa haja: mianzi, asali, dawa za miti shamba. Na kilele cha Kirinyaga hakikuwa mahali pa kupanda. Kilikuwa makao ya Ngai, na wazee waliomba wakikielekea. Kwa hiyo wale waliotaka kufika juu kabisa walikuwa wageni kwanza. Krapf, mmisionari, aliuona mlima huo kutoka Ukambani mwaka 1849 akaeleza habari za theluji yake, na wenye elimu wa Ulaya wakamcheka, wakisema theluji haiwezi kukaa chini ya jua la Ikweta. Tarehe 13 Septemba, 1899, Mwingereza Halford Mackinder alikifikia kilele kirefu pamoja na waongozi wawili kutoka milima ya Alps, César Ollier na Joseph Brocherel. Mizigo yao ilichukuliwa na wapagazi Waswahili na Wakikuyu, ambao majina yao hayakuandikwa kwa wino mzito kama ya wale watatu. Mackinder ndiye aliyevipa vilele majina ya malaibon wa Kimasai: Batian, Nelion na Lenana.

Usiku wa uhuru, Desemba 1963, Kisoi Munyao alipandisha bendera mpya ya Kenya juu ya Lenana. Tangu hapo hakuna awezaye kusema kwamba kupanda mlima ni mchezo wa Wazungu peke yao.

VILELE NA NJIA

Batian ina urefu wa mita 5,199 juu ya usawa wa bahari, yaani zaidi ya futi 17,000. Nelion ina mita 5,188. Vilele hivi viwili ni miamba mitupu iliyosimama wima, na hawezi kuvipanda ila mtu aliyefundishwa kazi ya kamba. Lenana, yenye mita 4,985, hupandwa kwa miguu, nayo ndiyo nia ya watembezi karibu wote.

Njia zitumiwazo sana ni tatu. Njia ya Naro Moru iko upande wa magharibi, nayo ndiyo fupi. Njia ya Sirimon, upande wa kaskazini, hupata mvua kidogo kuliko nyingine. Njia ya Chogoria, upande wa mashariki, ni ndefu na huenda juu polepole, na wengi walioziona zote tatu husema hii ndiyo nzuri kwa macho, kwa sababu ya maziwa na magenge yake. Mtu wa Nyeri huvutwa na Naro Moru kwa kuwa iko karibu na barabara kuu, na gari laweza kumfikisha mpaka kituo cha zamani cha hali ya hewa, mita 3,050. Wepesi huo ndio mtego. Mtu aliyelala Wamagana jana, leo amelala mita 3,050, na kesho jioni yuko kambi ya Mackinder, mita 4,200. Mwili wake umepandishwa upesi kuliko uwezavyo kujizoeza. Mlima usio na barabara humlazimisha mtu kupumzika njiani, lakini Mlima Kenya haumlazimishi, na kwa hiyo huwaangusha hata vijana wenye nguvu.

HEWA ILIYO NYEPESI

Hewa ina uzito. Ile iliyo pwani imegandamizwa na hewa yote iliyo juu yake, kama vile gunia la chini katika rundo la magunia linavyogandamizwa na yale ya juu. Kadiri mtu anavyopanda, magunia ya juu yake hupungua, na hewa hulegea. Juu ya Lenana mkandamizo wa hewa ni kama nusu na kidogo zaidi ya ule wa Mombasa. Pumzi moja, hata ikivutwa kwa nguvu, huleta kifuani oksijeni ya nusu pumzi.

Dalili moja ya jambo hili huonekana jikoni. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100 za joto, lakini katika kambi ya mita 4,200 huchemka yakifika nyuzi 86 hivi. Yatatoa povu na mvuke kama kawaida, lakini hayana moto wa kutosha. Mtu akiteleka maharage au mahindi ya githeri huko, atamaliza mafuta yake yote ya jiko na chakula kitakuwa kigumu bado. Wapishi wa milimani hubeba vyakula vilivyokwisha kupikwa nyumbani, au vile viivavyo upesi, kama uji, wali, mayai na viazi vilivyokatwa vidogo.

Mwili nao hufanya kazi kwa shida kama jiko hilo. Mwanzo wa ugonjwa wa mlimani ni kuumwa kichwa, kukosa hamu ya chakula, kichefuchefu, usingizi wa kukatika-katika na uchovu usio na sababu. Watu wengi hupata kidogo cha mambo haya, nayo huisha wakipumzika siku moja pale pale. Kosa kubwa ni kuyaficha. Kijana aliyechanga fedha pamoja na wenzake hataki kuonekana dhaifu, kwa hiyo husema ni jua tu, au ni chai ya moshi, akaendelea kupanda.

Ugonjwa ukizidi huchukua njia mbili. Njia ya kwanza ni mapafu kujaa maji. Mgonjwa hukosa pumzi hata akiwa ameketi, hukohoa, midomo na kucha hugeuka rangi ya samawati, na kifua husikika kama maji yatokotayo. Njia ya pili ni ubongo kuvimba. Mgonjwa huyumba kama mlevi, huongea maneno yasiyoungana, huwa mkali au hutaka kuachwa alale. Kuna jaribio jepesi la kumtambua: aambiwe atembee juu ya mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mguu wa pili. Akishindwa, hali yake ni ya hatari.

Dawa ya kwanza ya magonjwa haya mawili ni moja, nayo ni kuteremka. Hata mita 500 huleta nafuu kubwa, na 1,000 ni bora. Mgonjwa ateremshwe saa ile ile, hata kama ni usiku na mvua inanyesha, na asiachwe peke yake kamwe. Mtu anayesubiri kupambazuke ili mwenziwe apate nafuu aweza kuamka akamkuta maiti. Ziko dawa za vidonge, kama asetazolamaidi, ambazo husaidia mwili kuzoea, lakini zatakiwa kuulizwa kwa daktari kabla ya safari, wala hazimpi mtu ruhusa ya kukimbilia juu.

Kuhusu kinga, waganga wa milimani wamekubaliana juu ya kanuni hii: mtu akishapita mita 3,000, mahali pake pa kulala pasizidi pale alipolala jana kwa zaidi ya mita 500, na kila siku chache apumzike siku moja. Apimaye njia ya Naro Moru kwa kanuni hiyo ataona mara moja kwamba safari ya siku tatu inayouzwa kwa bei rahisi haiwezi kuitimiza. Kutoka 3,050 mpaka 4,200 ni hatua ya mita 1,150 kwa siku moja. Aongezaye usiku mmoja pale chini, au usiku wa pili pale Mackinder kabla ya kwenda Lenana, hupoteza fedha kidogo, lakini huongeza sana nafasi yake ya kufika juu akiwa na akili timamu. Mwenye mafua au kikohozi cha kifua yafaa aahirishe safari.

BARIDI NA MAJIMAJI

Kwa kila mita 1,000 za kupanda, joto hupungua kwa nyuzi sita au saba. Asubuhi ya gathano iliyo baridi kwa watu wa Nyeri hugeuka kuwa kuganda kwa maji katika kambi ya Mackinder. Lakini baridi kavu si adui mkubwa sana. Adui ni baridi pamoja na maji na upepo, nayo yaweza kumwua mtu hata pale ambapo maji hayagandi.

Hapa ndipo nguo zinapoamua mambo. Pamba hunywa maji na kuyakalia. Suruali ya jinzi iliyolowa huwa nzito kama mzigo wa pili, haikauki mpaka safari iishe, na huiba joto la mwili mchana kutwa. Sufu, hata ikilowa, hubakiza joto. Zile nguo za nyuzi nyepesi zenye manyoya ndani hukauka upesi. Hapana haja ya kununua vitu hivi katika maduka ya watalii ya Nairobi. Katika soko la mitumba la Nyeri au Karatina mtu mwenye subira hupata sweta ya sufu, jaketi ya manyoya, soksi nene na kofia ya kufunika masikio kwa bei isiyomwumiza. Kitu kimoja tu kisitafutwe kwa urahisi, nacho ni koti la mvua. Koti livujalo ni sawa na kutokuwa na koti.

Mtu aliyeshindwa na baridi hutetemeka kwanza. Akiacha kutetemeka ilhali baridi ni ile ile, wenzake wasifurahi, kwa kuwa mwili wake umeacha kupigana. Ulimi huwa mzito, vidole havifungi kifungo, naye husema hajambo. Avuliwe nguo zilizolowa, avishwe kavu, aingizwe katika mfuko wa kulalia pamoja na mtu mwenye joto, apewe kinywaji cha moto chenye sukari nyingi ikiwa aweza kumeza mwenyewe. Pombe asipewe, kwani pombe hufungua mishipa ya ngozi na kutoa nje joto lililobaki.

Katika habari hii wapagazi wasisahauliwe. Mara nyingi mgeni huvaa nguo tatu na viatu vya ngozi, naye mchukua mizigo yake kutoka Naro Moru au Chogoria amevaa sweta moja na viatu vya mpira. Baridi haichagui. Yule anayemwajiri mpagazi ana haki ya kuuliza, kabla ya kuondoka langoni, kama ana blanketi, chakula na mahali pakavu pa kulala. Na mpagazi akiugua huko juu huteremshwa na mtu wa kumsindikiza, si kuambiwa ajiendee mwenyewe.

KWA NINI WATU HUONDOKA USIKU

Wengi huuliza kwa nini waongozi huwaamsha watu saa nane za usiku ili kwenda Lenana. Kuna sababu mbili, na kuona jua likichomoza si mojawapo, ijapokuwa ni malipo mazuri. Sababu ya kwanza ni mawingu. Jua likishapanda, ubavu wa mlima hupata moto, hewa hupanda pamoja na unyevu wa msitu, na kufikia adhuhuri vilele vimefunikwa. Alasiri huleta mvua ya mawe au theluji. Sababu ya pili ni ardhi. Kokoto za mteremko wa juu hugandamana kwa barafu usiku, mguu ukapata mahali pa kushika. Mchana huyeyuka, na kila hatua mbili huporomoka moja.

Apandaye sasa huona pia jambo ambalo Mackinder hakuliona. Barafu ya Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote mlimani, ilipoteza sehemu tisa katika kumi za ujazo wake kati ya mwaka 1934 na 2010, na barafu nyingine kadha zimetoweka kabisa. Watu husema mito itakauka barafu ikiisha. Hofu hiyo haikuelekea mahali pake. Barafu yenyewe ni kidogo mno, na maji ya mito hutoka hasa katika mvua inayonaswa na msitu, na katika ardhi ya majimaji iliyo juu ya msitu, ambayo hunyonya kama sifongo na kuachilia polepole. Kwa hiyo moto ni jambo la kuogopwa zaidi. Mwezi wa Machi, 2012, moto mkubwa ulikula majani ya mlima kwa siku nyingi mbele ya macho ya watu wa Nanyuki na Meru. Ile mimea ya ajabu ya huko juu, lobelia na miti ya senesio, hukua polepole sana. Senesio hujifunika shina kwa majani yake yaliyokufa kama mtu ajifungaye blanketi, ili maji ya ndani yasigande, na atoaye majani hayo kuwashia moto huuvua mti nguo yake.

NYANDARUA NI MLIMA MWINGINE

Watu wa Wamagana hudhani kwamba aliyepanda Kirinyaga hawezi kushindwa na Nyandarua, kwa kuwa Nyandarua ni mfupi. Kilele chake cha Satima kina mita 4,001, na kile cha Kinangop mita 3,906. Lakini hatari zake ni nyingine. Hapa hakuna kilele kimoja cha kuelekeza macho. Juu ni uwanda mpana wa majani marefu na mabonde yafananayo, na ukungu ukishuka mtu haoni mita ishirini.

Aliyepotea mahali pengine huambiwa afuate mto, maana mto hufika kwa watu. Katika Nyandarua shauri hilo laweza kumwua. Karuru huruka chini kwa ngazi tatu, jumla mita 273 hivi, na mto Gura nao huanguka katika bonde hilo hilo kwa kimo kama hicho. Anayefuata maji katika ukungu husikia mngurumo, akaona majani tu mbele yake, kisha hakuna kitu. Aliyepotea na akae mahali pamoja, avae nguo zote alizo nazo, apige filimbi mara kwa mara, asubiri ukungu upande.

Tena kuna nyati na tembo. Hifadhi ya Nyandarua ilitangazwa mwaka 1950, na tangu mwaka 2009 msitu umezungukwa na ua wa waya wa umeme wenye urefu wa kilomita 388 hivi, uliojengwa kwa miaka ishirini. Kabla ya ua huo wakulima wa ukingoni walilala mashambani wakipiga madebe kufukuza tembo. Sasa wanyama wako ndani na mashamba yako nje, na aingiaye ndani ajue kwamba ameingia kwao. Milango ya upande wa Nyeri ni Ruhuruini na Kiandongoro. Mtembezi huomba hapo askari wa hifadhi mwenye bunduki wa kumsindikiza, na si heshima ya bure. Nyati aliye peke yake katika mianzi hatoi onyo.

Wako waendao Nyandarua kwa uvuvi tu. Samaki aina ya trauti waliletwa kutoka Uskochi wakatiwa katika mto Gura mwaka 1905, na uzao wao umo bado katika maji yale baridi. Kwa wale wasiotaka kupanda sana, hii ni sababu nzuri ya kwenda, na leseni huulizwa langoni.

Karibu na Wamagana ni kijiji cha Ihithe, alikozaliwa Wangari Maathai mwaka 1940. Alipopewa habari ya kushinda nishani ya Nobel ya amani, Oktoba 2004, alikuwa njiani kuelekea kwao. Alisimama Nyeri akapanda mti uwanjani mwa hoteli, uso wake ukiuelekea Mlima Kenya. Mara nyingi alisimulia kwamba mama yake alimkataza kuokota kuni za mti wa mkuyu, mti wa Mungu, na kwamba baadaye aliona uhusiano wa mkuyu huo na kijito kilichokuwa karibu nao.

KUSHUKA PAMOJA NA MAJI

Maji ya milima hii miwili hukutana. Gura na Chania hutoka Nyandarua, Sagana hutoka Kirinyaga, na yote huishia katika mto mmoja uitwao Tana. Hapo Sagana, kwenye barabara ya kutoka Nairobi kwenda Nyeri, watu hushuka mto katika mashua za mpira, kila mtu na kasia lake, kofia ngumu kichwani na boya kifuani. Mchezo huu umeenea sana miongoni mwa vijana, na wasiojua kuogelea nao huenda, jambo ambalo laruhusiwa mradi boya limefungwa barabara.

Hatari yake haiko mahali watu wanapoitazama. Wao hutazama mawe na mapovu. Yapasa watazame milima. Mvua kubwa ikinyesha alasiri juu ya Nyandarua, Sagana panaweza kuwa na jua kali, na maji yakaja baadaye, mekundu, yakiwa na magogo. Maji yakianza kubadili rangi au kupanda juu ya jiwe lililokuwa kavu, mashua hutolewa mtoni mara moja. Katika miezi ya Aprili, Mei na Novemba jambo hili hutazamiwa kila siku. Aliyetupwa majini asijaribu kusimama mahali penye nguvu ya maji, maana mguu ukinaswa kati ya mawe mto humlaza kifudifudi. Alale chali, miguu mbele, mpaka afike maji matulivu.

Chini ya Sagana mto huingia katika mabwawa ya umeme, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha huzunguka nchi kavu na kupita kwa Wapokomo. Huko kasia si mchezo. Ni njia ya kwenda shambani na sokoni, nao Wapokomo huendesha mitumbwi ya gogo moja mahali penye mamba na viboko kwa ustadi ambao vijana wa mashua za mpira wangefaa kuutazama. Mwisho wake ni Kipini, kati ya Malindi na Lamu. Kusi ikishakoma na kaskazi haijaanza, ndio wakati wa maleleji, bahari hutulia, na mtu mwenye mtumbwi mdogo aweza kutoka mlangoni mwa mto asubuhi bila ya kupigana na mawimbi.

WATU WALIOPATA MASHAKA

Habari mbili za kale husimuliwa sana mlimani, nazo zafaa kujulikana.

Mwezi wa Januari, 1943, Waitaliani watatu waliokuwa mateka wa vita katika kambi ya Nanyuki walitoroka ili kuupanda Mlima Kenya. Hawakuwa na ramani. Walikuwa na picha ya mlima iliyochapwa juu ya karatasi ya kopo la nyama. Vifaa vya kupandia walivitengeneza kwa siri kwa vyuma vya kuokota, na chakula walikiweka akiba kidogo kidogo katika posho yao. Mmoja aliugua akabaki kambini. Wawili, Felice Benuzzi na Giovanni Balletto, walijaribu Batian wakashindwa, wakapanda Lenana na kusimamisha bendera yao, kisha wakateremka wakiwa na njaa kali na kujirudisha wenyewe gerezani. Watu hupenda kusifu ushujaa wao. Lakini jambo la kuangalia ni kwamba walipoona chakula kimekwisha na dhoruba inakuja, waliiacha Batian, ingawa kwa ajili yake walikuwa wamehatarisha kila kitu.

Habari ya pili ni ya Septemba, 1970. Madaktari wawili wa Austria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walikuwa wamefika Batian. Walipoanza kushuka jiwe liling'oka, Judmaier akaanguka na kuvunjika mguu vibaya, mfupa ukatoka nje. Mwenziwe alimfunga, akashuka peke yake kutafuta msaada. Wapandaji wa Kenya walikuja, helikopta ikaja, nayo ikaanguka na rubani wake akafa. Mwishoni waokoaji wenye ujuzi walisafirishwa kwa ndege kutoka Innsbruck, wakamshusha majeruhi baada ya zaidi ya wiki moja juu ya mwamba. Aliishi.

Tangu siku hizo kazi ya kuokoa imepata mafunzo na vifaa, na waokoaji wa hifadhi huenda juu kila wanapoitwa. Hata hivyo hakuna helikopta iwezayo kuruka ndani ya wingu la alasiri, na simu hazishiki katika mabonde mengi. Ndiyo maana langoni kuna daftari. Mtembezi huandika jina lake, idadi ya wenzake, njia atakayopita na siku ya kurudi, na arudipo hulitia alama. Anayetokea lango jingine bila ya kutoa habari huwafanya waokoaji wamtafute usiku kucha katika theluji, wakati yeye yuko Chogoria anakula nyama choma.